Fundi Anajibu: Usiizime kwanza

Mwezi huu nimeziweka pamoja barua zinazohusu kompyuta za zamani za Unix (mfumo wa kuendesha kompyuta) ambazo hadi leo zinaendesha mitambo viwandani kwetu. Wanaozitunza wengi hawana wa kumuuliza: aliyezifunga alishaondoka, vitabu vimeliwa na mchwa, na vijana waliosomea kompyuta juzi hawajawahi kuziona. Nimefanya kazi nazo tangu ujana wangu, nazipenda, na nitajibu kwa urefu pale panapostahili.

Shikamoo mama. Niko kiwanda cha chakula cha mifugo, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Kompyuta inayopima na kuchanganya mahindi, pumba na dagaa inatumia SCO OpenServer 5.0.5, aina mojawapo ya Unix. Siku hizi diski yake, ya SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ya gigabaiti 2, inatoa mlio wa kusaga, na asubuhi nakuta skrini imeandika makosa ya kusoma. Kijana wetu wa IT anasema tuizime, tuifute, tuweke Windows. Waliotuandikia programu walishafunga ofisi. Nifanye nini? — Fundi wa zamu, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Usiizime. Diski iliyozunguka miaka mingi bila kusimama inaweza kuendelea kuzunguka hata ikiwa imechoka kabisa, lakini ukiiacha ipoe, vichwa vya kusomea vinaweza kunasa kwenye sahani na mota ikashindwa kuvikwamua. Kazi ya kwanza ifanyike mashine ikiwa inawaka, na kazi hiyo ni kunakili.

Anza na faili. Kama tepu bado inafanya kazi, tumia cpio au tar uandike kwenye /dev/rStp0. Mara nyingi utakuta haifanyi kazi, kwa sababu kigurudumu cha mpira kinachosukuma tepu hulainika kwa uzee, kikaanza kunata. Basi chukua laptopu, iunganishe na mashine kwa kebo ya mtandao, mashine hizo mbili peke yake, uvute faili kwa ftp. Vuta kwanza saraka ya programu ya kuchanganya pamoja na fomula zake. SCO yenyewe unaweza kuitafuta ukaipata. Fomula ya chakula cha kuku wa mayai ambayo watu wenu wameirekebisha mwaka baada ya mwaka haipo mahali pengine popote duniani.

Kisha andika mashine ilivyo. Amri ya hwconfig itakuonyesha kadi zote, anwani zake na namba zake za kukatisha (IRQ). Dparam itakupa umbo la diski: vichwa vingapi, sekta ngapi. Fdisk na divvy zitakuonyesha ilivyogawanywa. Chapisha vyote kwenye karatasi pamoja na faili ya /etc/inittab, na karatasi hizo uziweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati la mashine. Andika pia kasi ya kila porti ya siriali inayokwenda kwenye mizani, idadi ya biti, na pariti. Hapa kuna jambo linalowapotezea mafundi siku nzima: kwenye SCO, tty1a na tty1A ni porti ileile, ila yenye herufi kubwa husubiri ishara ya modemu. Mizani inatuma uzito, kompyuta imenyamaza, watu wanabadilisha waya na kadi, kumbe tatizo ni herufi moja kwenye faili ya mipangilio. Ukimaliza hapo, tengeneza flopi za dharura kwa amri ya mkdev fd.

Sasa chagua siku ambayo kinu kimesimama. Andaa mapema kompyuta nyingine yenye Linux na kadi ya SCSI. Adaptec 2940 za zamani zinapatikana na Linux inazitambua. Zima SCO kwa utaratibu wake, usichomoe waya, kisha hamisha diski papo hapo ikiwa bado ina joto. Tumia ddrescue, si dd ya kawaida. Dd ikikutana na sehemu mbovu husimama, au hung'ang'ana hapo na kuimaliza diski. Ddrescue huruka pabaya, hukusanya kwanza kila kinachosomeka, halafu hurudi. Raundi ya kwanza andika:

ddrescue -d -n /dev/sdb kinu.img kinu.map

Raundi ya pili ondoa -n, weka -r3. Ile faili ya kinu.map ndiyo kumbukumbu ya kilichosomwa na kilichobaki, hivyo umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia. Kabla hujabonyeza Enter, hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski ya kinu na si diski ya kompyuta yako.

Ukishapata nakala, usiirudishe kwenye diski nyingine ya zamani, maana umri wake ni uleule. Siku hizi kuna bodi ndogo za kielektroniki, BlueSCSI na ZuluSCSI, zinazokaa kwenye kebo ya pini 50 na kujifanya diski huku zikisoma faili kutoka kwenye kadi ya SD. Unaipa ile nakala, unaipa namba ya SCSI iliyokuwa ya diski ya zamani, na SCO inaamka haijui kama kuna kilichobadilika. Kuwa makini na mambo mawili. Kebo ya SCSI lazima ifungwe kwa tamineta (kifaa cha kufunga mwisho wa kebo) katika ncha zote mbili. Kama diski ya zamani ndiyo iliyokuwa ncha, basi bodi hiyo mpya nayo ifunge. Na usiguse mpangilio wa kutafsiri umbo la diski kwenye kadi ya SCSI ya mashine, kwa sababu SCO iliandika vichwa na sekta kama ilivyozikuta siku ya kusakinishwa. Nunua kadi za SD za daraja la viwandani, andaa mbili, ya pili ijaribiwe kabla ya kuwekwa kabatini. Nakala ambayo haijawahi kuwasha mashine mimi siihesabu kuwa nakala.

Kuhusu kijana wa IT: usigombane naye, lakini mweleze kuwa programu ya kuchanganya imetengenezwa kwa ajili ya SCO na haitakubali Windows. Kinachowezekana ni kuihamishia SCO yote kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta mpya. Mna mizani mbili na printa, nadhani. Hizo ni porti tatu za siriali, na mashine pepe inazimudu. Mkiwa na ile kadi ndefu ya ISA yenye porti nane, habari ni nyingine, sababu kompyuta mpya hazina tundu la kuichomeka. Mkihama, wekeni dreva ya diski mpya ndani ya kiini cha mfumo kabla ya kuhama, la sivyo itaanza kuwaka vizuri, ifike katikati, iandike PANIC: srmountfun na kosa namba 6. Maana yake kiini kimetafuta diski ya mizizi na hakikuiona. Kampuni inayoshika haki za OpenServer leo inaitwa Xinuos. Mali hizo zilinunuliwa mwaka 2011 baada ya SCO Group kuomba kinga ya kufilisika mwaka 2007. Hivyo cheti chenu cha leseni, ile karatasi yenye namba ya siriali na ufunguo, kitafuteni kwenye mafaili ya uhasibu. Mara nyingi ndiko kilikolala.

Kama bosi ataamua kununua mtambo mpya wa kuchanganya, hiyo ni haki yake na pengine ni busara. Ila aamue akiwa ametulia, na kinu kinasaga.

Habari yako mama. Sisi tuko Viwandani, Nairobi. Kompyuta ya chumba cha udhibiti ni SPARCstation 5 ya Sun, yenye Solaris, Unix ya Sun wenyewe. Tulihamisha kabati, tukaichomoa wikendi moja, na tulipoiwasha ikaandika "The IDPROM contents are invalid". Anwani yake ya mtandao sasa ni ff:ff:ff:ff:ff:ff na programu ya udhibiti inasema leseni si halali. Muuzaji mmoja ametuambia bodi nzima imeharibika. — Injinia, Nairobi

Bodi yenu ni nzima. Kilichokufa ni betri, na betri yenyewe imefichwa ndani ya chipu.

Kwenye bodi tafuta chipu nene kuliko nyingine zote, yenye kibandiko, imeandikwa M48T08. Ndani yake kuna saa, kumbukumbu ndogo, na betri ya lithiamu vilivyofunikwa pamoja kwa plastiki. Ilitegemewa kudumu takriban miaka 10, na yenu imepita hapo zamani sana. Mradi umeme upo, inakumbuka. Ukiuondoa kwa muda, inasahau saa, inasahau mipangilio ya kuwasha, na inasahau utambulisho wa mashine. Imekaa kwenye soketi, hivyo haihitaji kulehemu: weka alama upande wenye kijishimo, ing'oe taratibu pande zote mbili kwa zamu, weka mpya kwa mwelekeo uleule. Mnaponunua, soma tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake. Chipu iliyokaa ghalani tangu miaka ya tisini betri yake imekufa kama ya kwenu, hata kama inauzwa kama mpya. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kukwangua plastiki ya ile ya zamani, akate njia ya betri ya ndani, alehemu kishikilia betri cha CR2032 juu yake. Inafanya kazi vizuri, na safari ijayo mtabadilisha betri kama ya saa ya ukutani.

Chipu mpya haina utambulisho. Mtauandika wenyewe kwenye alama ya ok, ile inayotokea kabla Solaris haijawaka, kwa amri ya mkp, baiti moja moja, zote zikiwa katika hesabu ya kumi na sita (hexadecimal). Baiti ya 0 ni 1. Baiti ya 1 ni aina ya mashine, na kwa familia yenu ni 80. Kuanzia 2 hadi 7 ni anwani ya mtandao, ambayo kwa mashine za Sun huanza 8, 0, 20. Kuanzia 8 hadi b ni tarehe, wekeni sifuri. Halafu c, d na e ni namba ya mashine, na f ni jumla ya kuhakikisha, inayopatikana kwa kufanya XOR (hesabu ya kulinganisha biti kwa biti) ya baiti zote 15 za mwanzo. Namba ambayo leseni inaiangalia, hostid, ni ile baiti ya 1 ikifuatwa na c, d na e.

Sasa mtauliza, tutazijuaje zile baiti tatu na chipu imeshasahau? Ziko kwenye diski yenu. Leseni za aina ya FlexLM (programu ya kusimamia leseni) huwa na mstari unaoanza na neno SERVER, kisha jina la mashine, kisha hostid yenyewe. Toeni diski, ichukulieni nakala kwa ddrescue kama nilivyomweleza mwenzenu wa Dar, kisha ifungueni kwenye Linux kwa kusoma tu, aina ya faili ikiwa ufs na ufstype=sun. Tafuteni faili ya leseni, namba yenu iko pale. Kwa kawaida tarakimu sita za mwisho za hostid ndizo sita za mwisho za anwani ya mtandao, hivyo mkipata moja mmepata ya pili. Kibandiko cha njano au cheupe kwenye chipu ya zamani nacho huwa na tarakimu hizo, msikitupe.

Mnairudishia mashine namba yake yenyewe. Kuibandika namba hiyo kwenye mashine ya pili ili mpate leseni mbili ni jambo jingine, na sitalifundisha.

Kama mna SPARCstation nyingine ambazo hazijasahau bado, leo hii mwende mkaandike matokeo ya amri ya hostid na ifconfig -a ya kila moja. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mashine.

Mama, bosi wetu hapa Changamwe, Mombasa, anataka aone uzito wa malori kwenye simu yake. Mizani inasomwa na Unix ya zamani. Tuiunganishe kwenye intaneti? — Karani wa mizani

Hapana, hata kwa siku moja. Mfumo huo unatumia telnet na ftp ambazo hupeleka nywila wazi wazi, na viraka vya usalama viliacha kutoka zamani.

Bosi atapata uzito wake kwa njia nyingine. Iambie Unix ichapishe kila uzito kwenye porti ya siriali iliyo tupu, kama vile kuna printa. Upande wa pili weka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye kiunganishi cha RS-232. Sasa, katika waya huo unganisha njia mbili tu: njia ya kutuma ya Unix iingie kwenye njia ya kupokea ya Pi, na ardhi kwa ardhi. Njia ya kurudi usiiunganishe kabisa. Pi anaweza kuwa kwenye intaneti, anaweza hata kuvamiwa, lakini hakuna waya wa kupitishia neno lolote kurudi kwenye mizani. Kama Unix itakataa kutuma ikisubiri printa iseme iko tayari, rudisha ishara zake za utayari kwenye plagi ileile, kwa upande wa Unix: pini ya 7 kwa 8, na 4 kwa 6 pamoja na 1, kwa plagi ya pini 9.

Nimesikia kuwa mwaka 2038 mashine za Unix zote zitazimika. Ni kweli? — Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Arusha

Si zote, na hazitazimika. Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani huiweka hesabu hiyo katika biti 32, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2,147,483,647. Itafikiwa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine hizo zitaamini ni Desemba 1901. Mtambo unaweza kuendelea kuzunguka, lakini programu inayolinganisha muda, kwa mfano inayosema koroga kwa dakika tano kisha fungua vali, inaweza kusubiri bila mwisho au isisubiri kabisa. Hatari iko hapo. Programu zinazohesabu tarehe za mbele, kama ya kuisha muda wa bidhaa, zinaweza kukosea kabla ya siku yenyewe.

Kwa mashine isiyoweza kubadilishwa kuna dawa ya kurudisha saa nyuma miaka 28. Kalenda hujirudia: siku za wiki na miaka mirefu za 2026 zinalingana kabisa na za 1998. Zamu za Jumatatu hadi Jumamosi zitabaki sahihi, ni mwaka tu utakaochapwa vibaya, na huo unaweza kurekebishwa na kompyuta ya pembeni kama ile ya Changamwe. Lakini fahamu kuwa faili mpya zitaonekana za zamani kuliko za jana, hivyo kila hifadhi inayochagua faili kwa tarehe itachanganyikiwa. Jaribu kwenye nakala. Ukiwa na nakala inayowaka, peleka saa yake mbele hadi dakika chache kabla ya wakati huo, kaa uangalie mwenyewe kinachotokea.

Jambo mama. Hapa Lubumbashi tuna seva ya HP-UX, Unix ya kampuni ya HP, inayokusanya takwimu za mtambo. Mkandarasi anasema msaada ulikwisha tarehe 31 Desemba 2025, na kwamba lazima tununue mfumo wake mpya mara moja. — Msomaji, Lubumbashi

Tarehe ni sahihi. Ndiyo siku msaada wa kawaida wa HP-UX 11i v3 ulipofika mwisho. "Mara moja" ni neno la mkandarasi. Seva yenu haikujua tofauti kati ya tarehe 31 na tarehe 1. Kilichobadilika ni kwamba viraka vipya msivitarajie, na vipuri vitazidi kuwa adimu. Tengenezeni hifadhi ya kuwashia kwa make_tape_recovery au make_net_recovery, itoeni seva kwenye mtandao wa ofisi, nunueni pawasaplai na diski za akiba sasa kabla bei haijapanda, kisha ombeni bei kwa wakandarasi watatu. Atakayekuja kuwauzia bila kuuliza seva inazungumza na vifaa gani, mwachieni aende.

Shikamoo mama. Mzee wetu aliyeitunza mashine ya Unix kiwandani anastaafu mwezi wa sita. Mimi ndiye nitakayemrithi. Nimuulize nini? — Fundi mchundo, Tanga

Marahaba. Usimuulize sana, mwombe aizime na kuiwasha mbele yako, na wewe uandike kila kidole chake kinapogusa. Yako mambo anayoyafanya bila kujua kuwa anayafanya: anasubiri taa fulani izimike kwanza, anawasha sanduku la diski kabla ya kompyuta, anabonyeza Enter mara mbili pale palipoandikwa mara moja. Akikuambia "hiyo acha tu, huwa inaandika hivyo", andika ujumbe wote neno kwa neno, ili siku mashine ikiandika kitu tofauti ujue.

Kisha mwulize nywila ya root, msimamizi mkuu wa mashine, uijaribu akiwa amesimama hapo. Mwulize flopi na tepu ziko wapi, ipi ni nzima. Mwulize ni waya gani haupaswi kuguswa na kwa nini, na funguo za kabati anazo nani mwingine. Tazama faili ya crontab ya root, orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe kwa saa zilizopangwa, pamoja naye, mstari kwa mstari, na kila mstari akueleze nani aliuomba. Baadhi inatuma ripoti kwa watu waliokwisha kufa, na mmoja pengine ndio unaofuta kumbukumbu za zamani kila usiku ili diski isijae.

Halafu nenda ofisini ukawaombe wamwite siku moja baada ya mwezi wa tisa, wamlipe nauli na posho kama mtaalamu yeyote. Siku hiyo wewe ndiye uizime na kuiwasha, yeye akae kwenye kiti.